Vito vya dhahabu vya Wacham: vilivaliwa na watu au na miungu?

Mpenda Sanaa
Wanajamvi, salaam. Nimekuwa nikitazama picha za vito vya dhahabu vya Champa, dola ya Wacham iliyotawala pwani ya kati na kusini ya Vietnam ya leo, na mara nyingi nakutana na alama za dini ya Kihindu: fahali Nandi, ndege Garuda, au uso wa Shiva wenye jicho la tatu. Je, vito hivi vilikuwa pambo la wafalme na jamaa zao, au vilifuliwa kwa ajili ya sanamu za hekaluni? Na kama dhahabu ilikuwa nyingi kama inavyosimuliwa, mbona iliyosalia ni kidogo?

Mzee wa Makumbusho
Watu walivaa, lakini kazi bora kabisa za masonara wale, kwa maoni yangu, zilikuwa za miungu. Mwaka 1903 Henri Parmentier, mwanaakiolojia Mfaransa, alipata huko Mỹ Sơn, bonde la mahekalu ya Wacham, vito vya dhahabu vya kuvishwa sanamu. Chombo kilichotukuzwa kuliko vyote kilikuwa kosha, yaani ala ya dhahabu au fedha iliyofunika linga la jiwe (nguzo fupi inayomwakilisha Shiva) na kubeba uso wa Shiva, au nyuso kadhaa, zilizofuliwa kutoka upande wa nyuma wa bamba. Wafalme waliandika juu ya mawe kwamba wametoa kosha kwa mungu fulani, na kujivunia thamani yake. Jambo hilo lilikuwa na uzito wa kisiasa: Bhadravarman, aliyejenga hekalu Mỹ Sơn mwishoni mwa karne ya 4, alimwita Shiva wa hapo Bhadreshvara, akiunganisha jina lake na la mungu, hivyo aliyempamba mungu huyo baadaye alikuwa akijitangaza kuwa mrithi halali wa enzi.

Msoma Mawe
Naongezea kuhusu swali la pili, kwa kuwa jibu lake limo katika hilohilo. Dhahabu iliyokusanywa hekaluni ilijulikana ilipo, na kila adui alianzia hapo. Mwaka 446 jeshi la China chini ya Tan Hezhi liliteka mji mkuu wa Linyi, jina ambalo Wachina waliipa dola hiyo, na sanamu za dhahabu zikayeyushwa. Mwaka 605 Liu Fang aliondoka na vibao 18 vya dhahabu vya ukoo wa kifalme. Hekalu la Po Nagar, kule Nha Trang, lilichomwa na wavamizi wa baharini mwaka 774. Mwaka 918 Indravarman III alisimamisha hapo sanamu ya dhahabu ya mungu wa kike Bhagavati. Wakhmer, watu wa Kambodia ya leo, wakaichukua, na mwaka 965 mrithi wake akaweka nyingine, safari hii ya jiwe. Uamuzi wa busara, ingawa ulichelewa.

Mpenda Sanaa
Nashukuruni sana. Je, desturi hiyo ya kumvisha mungu imekwisha kabisa?

Mzee wa Makumbusho
La hasha. Katika sikukuu ya Katê, Wacham wanaofuata dini ya mababu huko Phan Rang hupokea mavazi ya kifalme yanayotunzwa na jirani zao Waraglai wa milimani, kisha huosha na kulivisha linga lenye uso lililomo katika mnara wa Po Klong Garai.

Msoma Mawe
Neno moja la tahadhari kwa wanaotazama picha za minada. Linga dogo la dhahabu la Po Dam, hekalu jingine la Wacham, lenye uzito wa takriban gramu 78, lilifukuliwa mwaka 2013 penye mabaki ya hekalu lenyewe, kwa hiyo tunaweza kulihusisha na ibada bila kubahatisha. Hereni yenye Nandi isiyo na mahali ilipopatikana haitupi nafasi hiyo, hata ikiwa halisi, na sura ya mungu peke yake haithibitishi kwamba ilitoka hekaluni: mja wa Shiva naye angeweza kuivaa sikioni.