Wakuu naombeni ushauri, viwavi wangu wa vipepeo wanakufa kila siku, nakosea wapi?

Ndimu Kali (mleta mada)
Wakuu habari za jioni. Niko Muheza mjini, nyuma ya nyumba nina kaeneo kadogo, milimao miwili, mdimu mmoja na maua maua aliyopanda mke wangu. Toka mwezi uliopita nimeingia kwenye ufugaji wa vipepeo, msinicheke. Nilikuwa naona wale wakubwa weusi wenye mabaka ya njano wanakuja kutaga kwenye mlimao nikasema hawa mbona nawafukuza wakati watu huko juu Amani walikuwa wanawafuga kama kuku. Basi nikagonga banda la mbao, nikazungushia neti, nikaingiza miche ya mlimao kwenye makopo, nikaokota mayai na viwavi nikawaweka ndani. Shida ndo hiyo, wanakufa. Leo asubuhi nimehesabu 31 chini, wanajikunja wanatapika kimaji cha kijani halafu basi. Ila wale wa nje kwenye mti wako fresh wanakula tu majani. Nakosea wapi? Nina haraka kidogo, wenye utani mtanisamehe.

mchungwa pori
31 kwa usiku mmoja??? Mkuu mimi nina ekari 2 za machungwa hapo mbele yako tu, hao viwavi mwaka jana walinipukutishia kitalu kizima cha miche ya kubebesha. Nimepuliza kila dawa. Hebu sema umewaua na nini, mimi ndo nahitaji ushauri hapa.

Mama Wawili
Bibi yangu alikuwa anasema kipepeo akiingia ndani jua kuna mgeni. Mwaka juzi aliingia mmoja mweusi mkubwaaa, kesho yake wakatua mawifi watatu wakakaa wiki 2 na wanakula usipime. Toka siku hiyo nikiona kipepeo nafunga dirisha. Sasa wewe unawafuga mia, hao wageni utawalaza wapi?

Mjukuu wa Amani
Nyumbani kwetu Amani tulifuga, wazee wetu walikuwa wanauza mabuu, yaani viwavi wakishajifunga gamba kusubiri kuwa vipepeo, yanafungwa kwenye pamba yanapandishwa ndege kwenda Ulaya na Marekani kwenye nyumba za maonyesho. Ada yangu ya sekondari ilitoka humo. Ikaja 2016 serikali ikasitisha kusafirisha wanyama hai nje, na kipepeo akahesabiwa humohumo, watu wakabaki na mabanda wakafugia kuku. Kwa hiyo haka kamchezo nakajua.

Hao ulionao ni Papilio demodocus, kipepeo wa malimao. Yai dogo la njano njano anataga mojamoja kwenye majani machanga, siku nne tano linaanguliwa. Kiwavi mdogo anafanana na mavi ya ndege, makusudi kabisa ili ndege wasimtamani, akikua anageuka kijani. Halafu anajifunga kwenye kijiti na kauzi kiunoni, anakaa kama wiki mbili anatoka. Ugumu wake ni sisimizi, mijusi na vinyigu vidogo vinavyotaga ndani ya kiwavi. Ila kufa 31 kwa mpigo huku wa nje wazima, hao sio sisimizi, hiyo ni sumu. Naomba unijibu matatu: majani unatoa wapi, neti ni ya aina gani, na haraka ni ya nini?

Ndimu Kali
Asante mkuu. Majani ni ya kwangu mwenyewe sipulizi kitu. Neti ni ya kawaida tu. Sisimizi nimewadhibiti, miguu ya banda nimeisimamisha kwenye makopo yenye maji na oili chafu. Mimi nahisi ni joto, au wanahitaji dawa ya minyoo?

Kaka wa Kilifi
Dawa ya minyoo kwa kiwavi 😂😂 bana wewe ni mkali. Salamu toka Gede, Kenya. Huku kwetu kuna Kipepeo Project tangu 1993, wakulima wanaokaa kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke wanafuga na kuuza mabuu, ndio maana wazee wengine huku ukigusa ule msitu wanakujia juu. Mimi nilipokuwa kijana kazi yangu ilikuwa kutega wale vipepeo wa jamii ya Charaxes, hao hawataki maua kabisa. Unachukua ndizi zilizooza, unazikanda na zichachuke siku mbili tatu, unaweka kwenye mtego wa neti juu ya mti. Wanakuja wanakunywa wanalewa chakari, unawashika kwa vidole. Siku moja babangu alikuta ile ndizi imechachuka vizuri, haya nisimalize hiyo hadithi.

Kama unataka wakae kwa bustani panda maua ya kuwapa asali, zinia na mapentas, halafu usiukate ule mti wenye utomvu mweupe unaomea kando ya barabara, matunda yake kama puto. Huo ndio chakula cha viwavi wa wale vipepeo wa rangi ya chungwa wenye ncha nyeusi. Ndege hawawali hao, ni wachungu.

mchungwa pori
Jina la dawa jamani

Mjukuu wa Amani
Ndimu Kali, "neti ya kawaida" ni ipi? Ya dirishani? Ya pazia? Rangi gani?

Ndimu Kali
Ya bluu.

Mjukuu wa Amani
Umeinunua wapi?

Ndimu Kali
Sikununua. Ilikuwepo nyumbani. Ni chandarua, mke wangu alipewa kliniki. Lakini niliifua mara mbili na sabuni ya unga kabla ya kuitumia kwa hiyo kama ilikuwa na dawa imeshatoka.

Mjukuu wa Amani
Haijatoka hata robo. Hizo neti zimetengenezwa zivumilie kufuliwa hata mara 20, dawa iko ndani ya uzi wenyewe, na ni jamii ileile ya dawa wanazopuliza kwenye nyanya. Kiwavi kazi yake ni kupanda kuta, akishika ile neti kwa miguu yake yote kwishney. Wewe umejenga banda la kuulia wadudu halafu ukaingiza wadudu.

mchungwa pori
Nimepata jibu langu. Natoka kutafuta vyandarua.

Mama Wawili
Ngoja kwanza, turudi nyuma. Kliniki wanampa mwanamke chandarua akiwa mjamzito. Mkeo ni mjamzito???

Ndimu Kali
Miezi mitano. Lakini dada usinielewe vibaya, chumbani kuna feni na tunawasha dawa ya kuchoma, mbu hawapo kabisa.

Mama Wawili
Muheza hakuna mbu?? Mimi nilizaa mtoto wa kwanza njiti kwa ajili ya malaria, nasema kwa uchungu. Umemvua mama kijacho neti ukawavika viwavi. VIWAVI. Nenda kaitoe sasa hivi usisubiri kesho.

Mpita Njia
Nimekaa paleee nasubiri mke aje na yeye afungue uzi wake.

Mtumishi Mnyenyekevu
Ndugu zangu tusimhukumu. Hata hivyo viumbe vya Mungu havikuumbwa tuvifungie, mwanadamu wa leo kila akionacho anataka kukigeuza hela. Wakati wetu kipepeo ulimkimbiza unachoka unarudi nyumbani kula.

Kaka wa Kilifi
Mzee hajasema anauza lakini. Ama anauza? Ile swali la tatu halijajibiwa.

Ndimu Kali
Sawa naongea yote. Kuna harusi Tanga mjini, wiki tatu zijazo. Bibi harusi aliona kwenye simu watu wanaachia vipepeo maharusi wakiingia ukumbini, katibu wa kamati ni rafiki yangu akasema kuna jamaa Muheza anafuga. Vipepeo 150 kwa 3,000 kila mmoja, jumla 450,000, nimeshapokea laki 2. Hela ilishaingia kwenye mbao na mambo mengine ya nyumbani. MC ameshaweka kwenye ratiba, saa 2 usiku maharusi wakiingia ndo naachia.

Mjukuu wa Amani
Saa 2 USIKU?

Ndimu Kali
Ukumbi una taa kali mkuu, na fundi wa mapambo ameahidi kuongeza zingine. Nilifikiria hilo.

Mjukuu wa Amani
Kipepeo anaruka kwa joto la jua. Usiku ukimfungulia boksi anabaki amekunja mabawa, wachache watajibamiza kwenye taa, wengine wataishia kwenye keki. Na hesabu yako haikai. Viwavi ulionao wengi ni wale wa mavi ya ndege, hao kujifunga bado, wakijifunga wiki mbili tena, toka yai mpaka kuruka weka karibu mwezi na nusu. Halafu hawatoki wote siku moja, wanatoka asubuhi kwa siku mbalimbali. Na hao wa porini ungeulizia kwanza ofisi ya maliasili wilayani kabla ya kula hela ya mtu.

Ndimu Kali
Nilipanga nikiwaweka karibu na jiko la mkaa watakua haraka. Na siwezi kurudisha hela, naombeni mawazo ya kusonga mbele sio ya kurudi nyuma.

Kachero
Nimesoma toka juu. Wanajamvi hii ni CHAI, tena ina tangawizi. Viwavi, neti ya mjamzito, harusi ya usiku, jiko la mkaa, hivi mnaona kabisa mnaendelea kujibu? Halafu mleta mada huyuhuyu wiki iliyopita kwenye uzi wa mapishi alisema anaomba namna ya kupika maharage kwa sababu "naishi mwenyewe". Leo ana mke, mjamzito, na maua kapanda. Uzi bila picha ni porojo.

Mpita Njia
Maharage 😂😂😂 Kachero hufai

Mtumishi Mnyenyekevu
Basi nafuta nilichoandika juu kama ni uongo. Kama ni kweli nakiacha.

Kaka wa Kilifi
Mi namuamini. Lakini tumpime. Ndimu Kali, ukimgusa yule kiwavi mkubwa wa kijani na kijiti, anafanya nini? Usigoogle.

Ndimu Kali
Anatoa vipembe viwili nyuma ya kichwa, rangi kama chungwa limeiva, laini kama ulimi wa nyoka, na harufu inayotoka hapo utageuza sura. Siku ya kwanza nilirusha kopo.

Kaka wa Kilifi
Huyu anafuga. Nafunga kesi.

Kachero
Na maharage?

Ndimu Kali
Mke yuko Korogwe kwa mama yake. Aliondoka wiki iliyopita. Nilivyochukua neti alisema niirudishe, nikamwambia ni ya wiki chache tu, akakaa siku mbili anang'atwa, asubuhi akabeba begi. Feni niliyoitaja ni kweli ipo ila hakuna anayelala chini yake zaidi yangu. Nilikuwa sitaki kuandika hiyo.

Mama Wawili
Eeh.

FundiCherehani
Mimi sijui vipepeo ila neti isiyo na dawa nenda kwa muuza vitambaa omba kile kitambaa cha shela za maharusi, mita tano sita zinatosha banda lako, bei haitishi. Ile ya bluu usimpelekee mkeo huko Korogwe ikiwa ina matundu ya misumari, nunua mpya.

Mjukuu wa Amani
Fundi kamaliza. Ndimu Kali sikiliza, banda hilo toa neti na uoshe mbao. Wale wakubwa wa kijani walioko nje kwenye mti wako ndo tegemeo, wafunike hapohapo na hicho kitambaa cha shela, matawi na yote. Wakijifunga leo kesho, wiki tatu zinakutosha. Wasijifungie kwenye chupa wala kopo, akitoka anatakiwa aning'inie anyooshe mabawa, akikosa nafasi yanakauka yamejikunja na haruki tena maisha yake. Utapata kumi, bahati ikikupenda kumi na tano. Nenda kaongee na kamati mapema.

Ndimu Kali (baada ya siku 9)
Wakuu narudisha mrejesho. Kamati nimewaeleza, katibu kanitukana kwanza, halafu kasema basi niwape hata kumi, waachiwe saa 10 jioni pale watakapopiga picha bustanini kabla ya ukumbi. Hela nyingine nawarudishia kwa mafungu. Neti mpya nimenunua, Jumamosi naenda nayo Korogwe, sijui nitapokelewaje, shemeji ameshanitumia ujumbe niende na mtu mzima.

Leo saa 2 asubuhi katoka mmoja. Sio kwenye kile kitambaa, huyu alijifunga mwenyewe kwenye kijiti cha mdimu sikuwahi hata kumuona. Kaning'inia kama saa nzima mabawa yanajaa taratibu, nikaenda ndani kuchukua simu nimpige picha ya Kachero, narudi naona anapita juu ya ukuta kwenda kwa jirani.

Kachero
Picha hamna tena.

mchungwa pori
Huyo kaja kwangu.

Mpita Njia
Kwa hiyo bado 10.