Sarafu ya Hamburg yenye herufi D: je, ni kosa la kiwandani?

Mgeni wa Elbe:
Ndugu wakusanyaji, salamu. Ninaishi Hamburg na nimeanza kutenga sarafu za kumbukumbu za euro 2 ninazorudishiwa kama chenji. Juzi, katika duka la mikate, nilipata ile ya mwaka 2023 yenye picha ya jumba la muziki la Elbphilharmonie, ambalo hulipita kila asubuhi niendapo kazini. Nilipoichunguza kwa kioo cha kukuzia niliona herufi ndogo D, ilhali nilikwisha kuelezwa kwamba alama ya kiwanda cha sarafu cha Hamburg ni J. Je, hili ni kosa litakaloipandisha thamani? Aidha, yuko mfanyabiashara anayetaka kuniuzia sarafu hiyohiyo ikiwa imetiwa rangi, kwa bei inayozidi mara nyingi zile euro 2, naye anasisitiza kuwa ni toleo adimu. Naomba ushauri kabla sijatoa fedha.

Mtazama Ukingo:
Ndugu Mgeni, hapo hakuna kosa. Ujerumani ina viwanda vitano vya sarafu, na kazi ya kutengeneza kila toleo la kumbukumbu la euro 2 hugawanywa kwa vyote: A ni Berlin, D ni Munich, F ni Stuttgart, G ni Karlsruhe, na J ndiyo Hamburg. Picha hueleza jimbo linaloadhimishwa, lakini herufi hueleza mahali sarafu ilipopigwa chapa. Ndiyo maana ile ya Bavaria ya mwaka 2012, yenye ngome ya Neuschwanstein, nayo hupatikana ikiwa na J. Wengi wetu hutafuta zote tano, na kwa anayeanza sioni njia bora kuliko hiyo, kwa kuwa sarafu usiyoitaka tena utainunulia mkate katika nchi yoyote itumiayo euro.

Kuhusu rangi, usinunue. Ujerumani haikutoa sarafu hiyo ikiwa na rangi. Rangi hutiwa na wafanyabiashara binafsi baada ya sarafu kutoka kiwandani, na mkusanyaji makini huihesabu kuwa imeharibiwa.

Kibubu:
Nakubaliana na Mtazama Ukingo kuhusu rangi, ila tumwambie mwenzetu wazi kwamba chenji haitamtajirisha. Tangu Ugiriki ilipoanza mwaka 2004 kwa sarafu ya Olimpiki ya Athens, matoleo ni mengi mno, na yale ya Ujerumani hutengenezwa kwa mamilioni. Bei hupandishwa na uchache: Monaco mwaka 2007 ilitoa vipande 20,001 tu vya sarafu yenye sura ya Grace Kelly, mwigizaji aliyeolewa na mtawala wa nchi hiyo, na leo kimoja huuzwa kwa zaidi ya euro 1,000. Anayetafuta faida azifuate nchi ndogo siku ile ile zinapotoa toleo, akijua pia kwamba walanguzi wamekwisha kupanga foleni mbele yake.

Mjukuu wa Tabora:
Nimesoma habari ya herufi nikatabasamu, kwa sababu herufi A na J zimo pia katika sarafu za heller zilizotumika kwetu enzi za Wajerumani, ambazo ndizo zilizotuachia neno hela. Vita vilipokata njia za kuleta sarafu kutoka Ujerumani, mwaka 1916 zilitengenezwa Tabora kwenyewe, zikatiwa herufi T, na miongoni mwake ikawamo ile ya dhahabu ya rupia 15 yenye tembo. Babu aliniachia heller 20 moja ya Tabora. Kwa ujinga wa ujana niliisugua kwa majivu na limau hadi ikang'aa kama sufuria ya harusi, naye niliyempelekea aipime akaniambia kwamba nilikuwa nimefuta sehemu kubwa ya bei yake. Kwa hiyo, Ndugu Mgeni, hiyo D yako usiisafishe kamwe. Ishike kwa ukingo, uihifadhi pakavu, na uepuke mifuko ya plastiki laini ambayo kwa muda huacha utelezi wa kijani juu ya madini.

Mgeni wa Elbe:
Nawashukuru nyote. Ile ya rangi nimeikataa. Jana katika mashine ya tiketi nilirudishiwa Elbphilharmonie nyingine, nayo ina G. Ya hapa nyumbani, J, bado sijaiona.