Kila nikiomba fedha za ulemavu chuoni naambiwa nikathibitishe upya kama bado sioni!

Wakuu, salaam. Mods naomba uzi huu usiunganishwe na ule wa mikopo, hili ni jambo jingine.

Mimi ni mwanafunzi wa chuo kikuu, mwaka wa pili. Sioni. Surua ilinichukua macho nikiwa mtoto mdogo, na hayajarudi. Kabla hamjauliza naandikaje: simu inanisomea kwa sauti, ingawa Kiswahili inakisoma kama Mzungu aliyepotea Kariakoo. Tuendelee.

Chuo chetu (sikitaji) kina fungu dogo la wanafunzi wenye mahitaji maalumu. Unaomba, ukipita unalipiwa msomaji, yaani mtu wa kukusomea vitabu na vitini ambavyo havipo kwenye kompyuta, na unapata kinasa sauti. Nikaomba. Maombi yakarudishwa: cheti cha ulemavu kimepitwa na wakati.

Cheti chenyewe ni kile nilichoombea mkopo mwaka jana, kina saini ya DMO, yaani mganga mkuu wa wilaya, na muhuri wake. Nikamuuliza dada wa dirishani, "Kimepitwa na wakati vipi dada yangu, kwani mimi nimeanza kuona?" Akajibu kwa upole kabisa, "Ndiyo utaratibu kaka, kisizidi miezi sita."

Miezi sita! Yaani kuna watu wazima walikaa kikao, wakanywa maji ya chupa, wakasaini posho, wakakubaliana kwamba macho yaliyokufa kabla sijaanza shule yakaguliwe kila nusu mwaka?

Nimesoma Buigiri, ile shule ya msingi ya wasioona kule Chamwino. Buigiri hupati kitanda kwa ujanja ujanja. Kidato cha nne na cha sita Baraza la Mitihani limeniletea mtihani wa nukta nundu, yale maandishi ya kusoma kwa vidole, na nikaongezewa muda kama kanuni zao zinavyotaka: dakika 20 kwa kila saa kwenye hisabati, dakika 10 kwa kila saa kwenye masomo mengine. Ile karatasi haichapwi kwa kubahatisha. Kuna orodha, jina langu limo, namba ya mtihani ipo, na ni namba hiyo hiyo niliyoingilia chuo. Mtu akitaka kujua kama sioni anashindwa nini kuangalia huko? Hata kwenye mkopo, tangu nilipopeleka cheti hicho mwaka wa kwanza hakuna aliyeniuliza tena. Ni hapa chuoni tu, ambapo wananiona kila siku na fimbo nyeupe nikigonga vyungu vya maua vya jengo la utawala.

Basi nikafunga safari kwenda wilayani kwetu. Nauli ya watu wawili, maana basi la usiku sipandi peke yangu, nikamchukua mdogo wangu. Kufika hospitali, DMO yuko kikaoni mkoani. Njoo kesho. Kesho yake naye hayupo. Mwishowe tukapelekwa kwa daktari kijana ambaye inaonekana alikuwa na haraka zake. Hakunigusa macho, hakuwasha tochi. Kumbe alinipungia mkono mbele ya uso, hilo nimeambiwa na mdogo wangu baadaye, mimi ningejuaje? Nikageuza kichwa kwa sababu nilisikia mlango. Akaandika, akatuma ikasainiwe, muhuri ukapigwa, tukashukuru, tukaondoka.

Nimefika chuoni, dada wa dirishani anasoma: "Uoni hafifu."

Wakuu, mwaka jana cheti kinasema sioni. Mwaka huu kinasema naona kidogo. Sasa faili langu lina "utata". Na kwa utaratibu wao mwenye uoni hafifu halipiwi msomaji, anapewa lenzi ya kukuzia maandishi. Wameniambia nisaini nikachukue lenzi, nimalizane nao. LENZI. Niikuzie nini, giza?

Nimekataa. Nimeambiwa basi nirudi kwa DMO nikalete barua ya ufafanuzi, na dirisha la maombi linafungwa mwisho wa mwezi.

Sasa wale mtakaokuja kuniambia "si una mkopo wewe, asilimia mia", nisikilizeni vizuri maana hapa ndipo watu wengi hawaelewi. Kwenye mkopo ulemavu unakusogeza mbele kwenye foleni. Hilo nalishukuru, kuna wenzangu walikosa. Lakini ukishafika mbele unapewa vipengele vile vile vya kila mtu: chakula na malazi, ada, vitabu na viandikwa, mahitaji maalumu ya kitivo (hayo ni ya fani, msidhani ni yetu), mafunzo kwa vitendo, utafiti. Ya msomaji sijaiona humo. Ya fimbo sijaiona. Ya bodaboda kwa mtu ambaye hawezi kukatiza barabara ya lami ya njia nne kwa miguu, wapi. Kwa hiyo namlipa msomaji kwenye bumu, yaani hela ya mkopo ya kujikimu, ile 10,000 ya siku ambayo mwenzangu anayeona anakula, analala na kununua bando. Nikimaliza chuo nikapata kazi nakatwa asilimia 15 ya mshahara kama yeye. Yaani nakopa hela ya kula, nalipia kutokuona kwangu, kisha nairudisha.

Na msije na habari za zile asilimia mbili za mapato ya halmashauri wanazotengewa watu wenye ulemavu. Ile ni mikopo ya kufanyia biashara. Mimi nasoma sheria, sifugi kuku.

Kwa kuwa nasoma sheria, niseme na hili. Nchi hii iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka uliofuata tukatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Na. 9 ya 2010. Nimeisoma yote, kwa masikio. Sijakutana na mahali panaposema mtu apimwe upofu kila miezi sita. Nilipomwambia hivyo bosi wa kitengo alicheka, akasema "mwanasheria huyo". Sikuwa natania.

Nahitaji msaada kwa haraka, wenye kujua tu:

Kwanza, RMO, yaani mganga mkuu wa mkoa chuo kilipo, anaweza kunipima na kusaini, au lazima iwe wilaya ya nyumbani? Pale dirishani wawili wamenipa majibu mawili.

Pili, kuna mtu amewahi kukata rufaa ndani ya chuo kwa mambo kama haya? Barua anaandikiwa mkuu wa chuo au mshauri wa wanafunzi? Kama una nakala ya barua yako nitumie PM, ila tafadhali iwe maandishi, usinipigie picha. Picha simu yangu inaniambia "picha", basi.