Tupeane uzoefu: kalsiamu ya juu, tezi za parathairoidi na homoni nyingine zilizotusumbua

#1 (mwanzisha mada)

Wakuu, habari zenu. Naanza mimi, kisha naomba kila aliyepita njia hii atusimulie yake.

Miaka minne niliumwa bila kujua naumwa nini. Niliamka na uchovu kama sikulala, kiu haikatiki, usiku naamka mara tatu au nne kukojoa, choo kigumu, mifupa inauma, na nikawa msahaulifu hadi nikaogopa. Kisukari kilipimwa zaidi ya mara moja, sina. Nikaambiwa ni msongo wa mawazo. Kisha likaja jiwe la figo, na baada ya miezi saba la pili.

Siku moja nilitoa majibu yangu yote ya damu nikayapanga kwa tarehe. Kalsiamu: 2.68, 2.71, 2.70, 2.79. Maabara nyingi huhesabu kawaida kuwa takribani 2.1 hadi 2.6 mmol/L. Zote nne zilikuwa zimewekewa alama, na kila mara niliambiwa "imezidi kidogo tu". Kila safari nilionwa na daktari mwingine, hivyo hakuna aliyewahi kuziona zote kwa pamoja.

Daktari wa tano alitaka kalsiamu na homoni ya parathairoidi, yaani PTH, zipimwe kwenye damu ya siku moja. Alinieleza hivi. Watu wengi wana tezi nne za parathairoidi, ndogo kama punje za mchele, nyuma ya thairoidi, ile tezi kubwa ya shingoni. Zinafanana jina tu na thairoidi, kazi ni mbalimbali. Kalsiamu ikishuka, zinatoa PTH. PTH inachota kalsiamu kutoka kwenye mifupa, inazifanya figo ziizuie isipotee kwenye mkojo, na inaamsha vitamini D ili utumbo unyonye zaidi. Kalsiamu ikipanda, tezi zinatakiwa zinyamaze. Kalsiamu yangu ilikuwa juu, na PTH nayo juu, yaani tezi zenyewe ndizo zenye ugonjwa. Akaniambia hata kama PTH ingesoma katikati ya kiwango, bado jibu lingekuwa lilelile, kwa sababu kwa kalsiamu ile ilipaswa kuwa chini kabisa. Hapo ndipo wengi tunapoachwa: karatasi inasema PTH "kawaida", faili linafungwa.

Zikafuata vitamini D, kazi ya figo, mkojo wa saa 24 (kuna hali ya kurithi inayofanana na hii, ila mkojo una kalsiamu kidogo sana na upasuaji hauisaidii), na kipimo cha uimara wa mifupa. Kwa ugonjwa huu ombeni mkono nao upimwe karibu na kiganja, maana huko mifupa huliwa mapema.

Ultrasaundi ya shingo haikuonyesha kitu, nikakata tamaa nikidhani basi sina ugonjwa. Daktari wa upasuaji akanirekebisha: ugonjwa unathibitishwa na damu, picha ni za kumwonyesha yeye pa kukata. Tezi inaweza hata kujificha kifuani. Kuna nahodha wa meli wa Marekani, Charles Martell, aliyefanyiwa upasuaji mara saba. Tezi yake ilipatikana 1932, kifuani. Yangu ilionekana kwenye skani ya dawa ya nyuklia. Moja tu ilikuwa imevimba, si saratani, na ndivyo ilivyo kwa wagonjwa wengi. Wakiwa bado wananipasua walipima PTH, ndani ya dakika 10 ikashuka zaidi ya nusu, wakafunga.

Siku ya pili midomo na vidole vilichomachoma, nikapewa vidonge vya kalsiamu. Wiki ya tatu nililala usiku kucha bila kuamka kukojoa. Asubuhi nililia.

#2

Pole sana dada, na hongera. Kwetu ni mama, ana miaka 74. Alianza kuchanganyikiwa, sote tukasema ni uzee. Kalsiamu 2.83. Kumbe alikuwa anatumia dawa ya presha ya kundi la thayazaidi, ile ya kukojoza, ambayo nayo hupandisha kalsiamu. Daktari akambadilishia (msiache dawa wenyewe jamani), akarudia kupima baada ya wiki kadhaa. Ikashuka kidogo lakini haikurudi, na PTH ikatoka juu. Dawa ilikuwa imefunua kilichokuwepo.

Moyo wake hauruhusu upasuaji kirahisi, kwa hiyo anapewa dawa ya kushusha kalsiamu, anapimwa mara kwa mara na anakunywa maji ya kutosha. Tulikosea jambo moja: tulimkatia vyakula vyote vyenye kalsiamu. Daktari akatukataza, kwa sababu ukimnyima, tezi inazidi kuchota kwenye mifupa. Kichwa chake kimerudi. Ananiuliza habari za kazi kama zamani.

#3

Mimi ni kinyume chenu. Niliondolewa thairoidi yote, na zile tezi ndogo zikaumia. Siku tatu baadaye vidole vyangu vilijikunja vikakakamaa, siwezi kuvifungua, na ganzi kuzunguka mdomo. Mapokezi waliniambia nina hofu, nipumue taratibu. Mume wangu akakataa kuondoka hadi wapime kalsiamu. 1.72. Nikatundikiwa dripu ya kalsiamu huku wakiufuatilia moyo.

Sasa ni mwaka wa sita wa kalsitrioli (vitamini D iliyokwisha kuamshwa) na vidonge vya kalsiamu. Mambo niliyotamani niambiwe mwanzoni: tusitake kalsiamu ya katikati au ya juu, shabaha yetu ni upande wa chini wa kawaida au pungufu kidogo, la sivyo figo zinaharibika. Magnesiamu ipimwe pia, ikiwa chini kalsiamu haipandi hata umeze nini. Na levothairoksini, kidonge cha homoni ya thairoidi, isimezwe pamoja na kalsiamu, acha saa nne katikati. Mimi nilikuwa nazimeza pamoja asubuhi ili nisisahau, TSH (kipimo kinachopanda homoni ya thairoidi ikipungua) ikapanda, wakaniongezea dozi bure.

#4

Naomba nichangie la adreno, tezi zilizo juu ya figo, maana linaua kimyakimya. Nilikonda kilo 11, nilitamani chumvi hadi nailamba mkononi, kizunguzungu kila nikisimama. Fizi na mistari ya viganja vikawa vyeusi. Watu wakanong'ona wanayoyajua wao. Nilikuja kuanguka baada ya siku mbili za kutapika. Sodiamu ilikuwa chini, potasiamu juu. Walinichoma haidrokotisoni, dawa ya steroidi, kabla hata majibu ya kotisoli (homoni ya adreno) hayajatoka, na daktari aliyeamua hivyo namwombea hadi leo.

Ni ugonjwa wa Addison, daktari aliyeueleza 1855. Vidonge ni kila siku, maisha yote. Nikipata homa naongeza dozi maradufu kama nilivyofundishwa. Nikitapika hadi kidonge hakikai, ni sindano na kukimbilia hospitali, hakuna kusubiri kupambazuke. Mke wangu anajua kuchoma. Kwenye pochi nina kadi inayosema nisinyimwe steroidi. Na ninyi mliotumia vidonge vya steroidi kwa miezi kwa sababu ya pumu au viungo: msikatishe ghafla, adreno zenu zimelala.

#5

Fupi tu. Nilitumia vitamini za nywele na kucha zenye bayotini (vitamini ya kundi B) nyingi. TSH ikasoma chini, T4 (homoni ya thairoidi) juu, ikabaki kidogo nianzishiwe kabimazoli, dawa ya kupunguza homoni hiyo. Nesi wa maabara ndiye aliyeniuliza nameza nini. Nikaacha siku kadhaa, nikarudia, kila kitu sawa.

#1

Namba 5, asante sana, na PTH nayo huweza kusomwa uongo na bayotini. Namba 4, nimesoma mara mbili. Naomba hilo la kadi tulichukue wote.

#6

Nimewasoma tangu juu. Nina miaka 38, jiwe la figo moja mwaka jana, kalsiamu 2.66. Niliambiwa nirudi baada ya mwaka. Nifanyeje?

#1

Usisubiri mwaka, mkuu. Rudia kalsiamu pamoja na albumini, protini ya damu inayobeba kalsiamu, kwa sababu ikiwa juu au chini inapotosha namba. Mwambie anayekutoa damu asikubane mkono kwa mpira muda mrefu, nako kunaipandisha. Siku hiyohiyo PTH, vitamini D na kreatinini (kipimo cha kazi ya figo). Kama itathibitika, jiwe lako na umri chini ya miaka 50, kila kimoja peke yake ni sababu ya kumwona daktari wa upasuaji. Na uchukue nakala ya majibu yako ya zamani, hata ya miaka mitano nyuma.

#6

Nimeyapata ya miaka mitatu iliyopita. 2.64.