Naomba ushauri: chokoleti ya moto ya Kifaransa inanikatikia sufuriani

Mwanakyela (mleta mada)

Wakubwa shikamooni, na wenzangu habari zenu. Nina jambo la jikoni lililonishinda kwa majuma matatu sasa, nami nitaliandika kwa urefu kidogo ili mtakaonisaidia msilazimike kuniuliza maswali mengi.

Mwaka juzi, mwezi wa Januari, nilikuwa Paris kwa mafunzo ya kazi. Jioni moja ya baridi kali mwenyeji wetu alitupeleka Angelina, mgahawa wa mtaa wa Rivoli uliofunguliwa mwaka 1903, tukanywe chokoleti ya moto ambayo wenyewe wanaiita l'Africain, kwa sababu kakao yake hutoka Afrika. Ililetwa katika birika dogo, na pembeni yake bakuli la krimu iliyopigwa. Nilipoimimina ilishuka polepole kama uji wa ulezi uliokolea, lakini ulimini haikuwa na chembe hata moja, wala haikuwa na ule utamu wa sukari unaozitangulia ladha nyingine zote.

Sasa niko Mbeya, na mwezi ujao wazazi wangu watapanda kutoka Kyela kuja kukaa nami kwa majuma mawili. Baba amelima kakao tangu mimi sijazaliwa. Ameichuma, ameivundika, ameianika na kuiuza, lakini kinywaji cha kakao anachokifahamu ni kile cha unga wa kopo uliokorogwa katika maziwa mengi na sukari nyingi. Nataka anywe kile nilichokunywa mimi.

Nimejaribu mara nne. Mara ya kwanza nilitia vijiko vinne vya chakula vya unga wa kakao katika nusu lita ya maziwa, ikatoka nyepesi na chungu. Mara ya pili niliongeza wanga wa mahindi, ikawa nzito, ila kwa uzito wa uji: ulimi unauona wanga kabla ya kuiona kakao. Mara ya tatu na ya nne nilinunua chokoleti nyeusi ya kupikia, gramu 150, nikaikatakata na kuitumbukiza katika maziwa yanayochemka. Hapo ndipo penye shida yangu kubwa, kwa maana mafuta yalipanda juu yakaelea kama ya mchuzi, na chini yakabaki maziwa yenye punje za kahawia. Nilidhani maziwa yamekatika, lakini yale yaliyobaki niliyachemsha peke yake na hayakukatika. Nakosea wapi?

BintiWaLyon

Dada Mwanakyela, hongera kwa wazo hilo. Kabla ya yote, nakuomba uichukue karatasi ya ile chokoleti ya kupikia, usome viambato vyake kwa utaratibu vilivyoandikwa. Ukikuta mafuta ya mawese au mafuta mengine ya mimea yametajwa, basi nusu ya shida yako tumeshaipata. Chokoleti ya namna hiyo imetengenezwa kwa ajili ya kupamba keki na kuganda upesi. Siagi ya kakao imeondolewa, na mafuta ya bei nafuu yamewekwa mahali pake. Unayoitafuta ina kakao asilimia 65 hadi 75, na mafuta yake yote ni siagi ya kakao yenyewe.

Niongeze kwamba hata huku Ufaransa, katika nyumba nyingi, watoto hunywa asubuhi maziwa yaliyokorogwa unga wa kopo, kama huko kwetu. Ile uliyokunywa Paris huitwa chokoleti ya kizamani, chocolat à l'ancienne, nayo hutengenezwa kwa chokoleti ya kipande iliyoyeyushwa. Unga hauwezi kukupa uzito ule kwa sababu unga wa kakao ni kakao iliyokamuliwa. Punje ya kakao ina mafuta zaidi ya nusu ya uzito wake. Mashine iliyosajiliwa Uholanzi mwaka 1828 ndiyo iliyowezesha kuyakamua na kubakiza mkate mkavu unaosagwa kuwa unga. Kwa hiyo ulipotumia unga ulikuwa umekwisha kupoteza kile hasa unachokitafuta.

Kipimo changu ni hiki: nusu lita ya maziwa yasiyopunguzwa mafuta, na gramu 150 za chokoleti ya asilimia 70. Kiasi hicho kinatosha vikombe vitano vya kahawa, si magilasi. Gramu 150 hizo zina mafuta takribani gramu 60, wakati maziwa yote yale hayafikishi hata gramu 20, na hapo unaona uzito unatoka wapi. Sukari iliyomo ndani ya chokoleti ni kama gramu 45, yaani vijiko viwili vya chai kwa kila kikombe. Ionje kwanza kabla ya kuongeza yoyote.

MpishiForodhani

Nakubaliana na dada wa Lyon kuhusu karatasi, lakini naomba nijazie upande wa mkono, kwa sababu hata chokoleti nzuri kabisa inaweza kuharibika kwa namna mleta mada alivyoitumbukiza. Nimefanya kazi katika majiko ya hoteli hapa Unguja kwa miaka mingi, na kosa hili nimelisahihisha kwa vijana wengi.

Kinywaji hiki ni mafuta yaliyotawanywa ndani ya maji, na maji hayo ndiyo maziwa. Mafuta na maji hayapatani mpaka yalazimishwe polepole. Ukitupa chokoleti ndani ya maziwa mengi yanayotokota, siagi ya kakao inayeyuka mara moja, kwani huyeyuka kwenye joto la nyuzi 34 hivi, chini hata ya joto la mwili, nayo inakimbilia juu kabla haijapata wa kuishika. Zile punje za kahawia ulizoziona ni kakao iliyoachwa na mafuta yake.

Fanya hivi. Ikate chokoleti iwe midogo kama mchele, uiweke katika bakuli kavu. Pasha maziwa hadi yaanze kutoa mvuke na vipovu vidogo pembeni mwa sufuria, kisha uepue, yasifike kuumuka. Mimina theluthi moja tu ya maziwa hayo juu ya chokoleti, hesabu hadi 60, halafu anza kukoroga kwa mwiko kutoka katikati, kwa miduara midogo inayopanuka. Mwanzoni itaonekana kama imeharibika, usiogope; endelea mpaka iwe rojo zito linalong'aa. Mng'ao huo ndio alama kwamba mafuta yameshikwa. Jihadhari tu usipunguze maziwa ya mwanzo kupita kiasi, kwa maana chokoleti iliyoguswa na kijiko kimoja au viwili vya maji hushikamana na kuwa kama udongo. Kisha ongeza theluthi ya pili, na ya tatu, ukipiga sasa kwa kile kifaa cha waya cha kupigia mayai.

Baada ya hapo rudisha sufuriani, moto mdogo kabisa, ukikoroga bila kuacha kwa dakika tatu hadi tano. Kakao ina wanga wake wa asili, na wanga huo unahitaji muda na joto ili uvimbe na kukaza kinywaji. Ndiyo maana hukuwa na haja ya wanga wa mahindi. Waitalia na Wahispania huutia kwa makusudi katika chokoleti zao nzito na hawakosei, ila hicho ni kinywaji kingine. Tia chembe ya chumvi mwishoni. Krimu, kama unaipata, ipige bila sukari na uitenge pembeni, usiitie sufuriani.

Mwanakyela

Nawashukuru sana. Nimeisoma karatasi, na dada wa Lyon umesema kweli: sukari, mafuta ya mawese, unga wa kakao, kwa utaratibu huo. Nilikuwa nikipika mafuta ya mawese yenye rangi. Ndugu yangu atanitumia kutoka Dar es Salaam vipande vitatu vya chokoleti ya asilimia 70.

Hata hivyo nina swali la pili, ambalo kwangu ni zito kuliko la kwanza. Baba atakuja na kilo moja au mbili za kakao yake mwenyewe, iliyovundikwa na kukaushwa. Je, haiwezekani nikaitumia hiyo badala ya chokoleti ya dukani? Itakuwa jambo la ajabu kumpa mkulima kakao ya watu wengine.

MzeeWaRungwe

Marahaba mwanangu. Swali lako nimelijaribu kwa mikono yangu, kwa hiyo nitakujibu kwa niliyoyaona.

Inawezekana, lakini si kwa ulaini ule wa Paris. Chukua kakao iliyovundikwa ipasavyo, yaani siku tano hadi saba, kwa sababu ambayo haikuvundika itakupa ukali unaokausha mdomo, na hakuna mapishi yatakayouondoa. Ikaange katika kikaango kizito kwa moto mdogo kwa dakika 20 hivi, ukigeuza, mpaka maganda yaanze kupasuka na nyumba nzima inukie. Ikipoa, ivunje, uipete kwa ungo hadi maganda yote yaondoke. Hapo usifanye haraka, kwa kuwa ganda lililobaki linakwaruza koo. Kisha itwange kinu kikiwa na joto, nayo itageuka rojo kwa mafuta yake yenyewe.

Tatizo ni kwamba kinu chetu hakiwezi kusaga hadi ulimi usihisi. Chokoleti ya kiwandani husagwa mpaka chembe zake ziwe ndogo kuliko sehemu thelathini za elfu ya milimita, na tangu Rodolphe Lindt alipobuni mashine yake kule Bern mwaka 1879, husuguliwa ndani ya mafuta kwa saa nyingi sana. Ya kinu itazama chini ya kikombe kama masimbi ya kahawa. Mimi hunywa hivyo hivyo na kufurahi, lakini umeomba kinywaji kisicho na chembe.

Basi fanya kama nifanyavyo kwa wageni. Kaanga na upete gramu 40 za kakao ya baba yako, uzivunjevunje tu bila kuzitwanga, uziloweke katika zile nusu lita za maziwa ya moto kwa nusu saa, sufuria ikiwa imefunikwa. Kisha chuja, ongeza maziwa kidogo kufidia yaliyonyonywa, upashe tena, uendelee na njia ya Mpishi kama alivyoieleza. Uzito utatoka katika chokoleti, lakini harufu itakayotangulia puani itakuwa ya shamba lenu. Naye ataitambua.

Shemeji_wa_Bayonne

Naomba kuongeza jambo fupi. Ninaishi kusini-magharibi mwa Ufaransa karibu na Bayonne, mji ambako Wayahudi waliokimbia mateso ya Hispania na Ureno walileta ufundi wa chokoleti katika karne ya 17. Cazenave, mgahawa ulioanza mwaka 1854, bado hutoa chokoleti yake ikiwa na povu refu lililopigwa kwa mkono hadi kuvuka ukingo wa kikombe. Kwa hiyo usiache kuipiga kwa nguvu mwishoni, hata kama imekwisha kuwa nzito.

Pia, maziwa si sharti. Kuna maelezo ya mwaka 1755 ya chokoleti iliyopendwa na mfalme Louis XV, ambaye alikuwa akijipikia mwenyewe katika vyumba vyake vya Versailles: vipande vya chokoleti sawa na idadi ya vikombe vya maji, moto mdogo, na kiini kimoja cha yai kwa vikombe vinne, kikitiwa mwishoni bila kuchemshwa. Maelezo hayo yanasema ni bora zaidi ikitengenezwa siku moja kabla.

BintiWaLyon

Hilo la siku moja kabla nalithibitisha, hata kwa ile ya maziwa. Ikilala kwenye friji inakaza na ladha yake inatulia. Ifunike kwa karatasi ya nailoni inayogusa kinywaji chenyewe ili isiweke utando, na kesho yake uipashe polepole ukiipiga.

Mwanakyela

Ndugu zangu, nimerudi kutoa taarifa, kwani si vizuri kuomba ushauri na kunyamaza.

Niliitengeneza Jumamosi jioni na kuipasha Jumapili baada ya ibada. Nilifuata kila hatua: kakao ya baba ikaloweshwa katika maziwa, rojo likang'aa, dakika nne za moto mdogo, povu. Ilishuka kutoka birikani kama ile ya Paris, na hakuna tone la mafuta lililoelea. Mama alimaliza kikombe chake na kuomba nusu nyingine.

Baba aliinusa kwanza, kwa muda mrefu, akasema kwamba hii ni harufu ya uanikaji siku jua linapowaka vizuri. Alikunywa mikupuo mitatu, kisha akaniambia kwa upole kwamba maziwa yanaifunika kakao, akauliza kama naweza kumwongezea maji ya moto. Nikakumbuka maneno ya Shemeji. Nilikuwa na kipande kimoja kilichobaki, nikakata gramu 100 na kumtengenezea kwa maji mililita 300, kwa njia ile ile ya theluthi, bila yai kwa sababu halipendi katika kinywaji. Hiyo aliimaliza yote, na tangu siku hiyo ndiyo anayoniomba kila jioni.

Sasa yangu ya maji inatulia chini ikikaa dakika kumi. Je, nayo inahitaji muda mrefu zaidi motoni?

MpishiForodhani

Ndiyo, dada. Maji hayana protini za maziwa zinazosaidia kuyashika mafuta, kwa hiyo ipe dakika saba au nane kwenye moto mdogo, uipige tena kila unapomimina kikombe kipya. Na kama baba hapendi yai, punguza maji hadi mililita 250, itasimama yenyewe.