Mjadala: Makazi ya wazee Moshi yachorwe kuta, au hela iende kwenye paa?

Hoja iko mezani. Makazi ya wazee na watu wenye ulemavu: wengine wanataka kuta za nje zichorwe michoro mikubwa, wengine wanasema hela ya rangi ikazibe paa. Mnasemaje?

Fundi wa Pasua: Paa kwanza. Maji yakipenya tofali huyeyusha chumvi, ukuta ukikauka chumvi hubaki nyuma ya rangi na kuisukuma. Masika moja, Machi hadi Mei, mchoro unabanduka magamba. Plasta mpya iachwe siku 28. Na rangi ya mafuta msiguse, ukali wa saruji mbichi huigeuza kama sabuni. Mchoraji Edward Tingatinga aliitumia, ndiyo, ila juu ya hadibodi, na hadibodi haina saruji.

Mchoraji wa Rau: Paa nakubali, fundi. Ila tupige hesabu. Ukuta wa mita 8 kwa 3 ni mita za mraba 24. Lita moja ya rangi ya maji hufunika kama mita 10 za mraba, plasta ikiwa laini. Mikono miwili ni lita 5, plasta ya kukwaruza weka 7, na praima, ile rangi ya msingi inayotangulia, ihesabuni kando. Hela hiyo haiezeki paa lolote! Chini acheni sentimita 60 za rangi moja iliyokoza, maana mvua hurusha matope pale. Mnarudia ukanda huo tu.

Mhudumu wa Njoro: Wakazi wenyewe mmewauliza? Mchoro wa upande wa barabara unamtangazia kila mpita njia nani anaishi humo, na si kila mkazi anapenda. Uchorwe uani, mbele ya mabenchi. Wenye macho hafifu wapewe picha milangoni, huu mgomba, ule jogoo, rangi nyeupe juu ya nyeusi, kimo cha sentimita 110 hadi 120 ili aliye kwenye kiti cha magurudumu aione. Picha wachague wao.

Mchoraji wa Rau: Hapo umenigeuza, dada. Uani vumbi ni dogo pia. Ili kuukuza mchoro, karatasini tugawe miraba ya sentimita 2, ukutani ya sentimita 50, tuunakili mraba kwa mraba. Miraba ya chini wazee wajaze wenyewe, wameketi.

Fundi wa Pasua: Uani sawa, kwa sharti moja. Bandikeni nailoni ukutani, selotepu pande zote nne, saa 24. Ikitoa jasho kwa ndani, ukuta bado una maji, na brashi isisogee.