Darasa linajua barafu ya ukwaju tu, nawaelezaje Antaktika?

Mpishi wa Melini, Likoni
Salaam aleikum jamaa. Mimi mpishi wa meli. Msimu uliopita nilipanda meli ya watalii kutoka Ushuaia, mwisho kabisa wa Argentina. Tukavuka mlango-bahari wa Drake siku mbili, sufuria nimezifunga kwa kamba, hadi Antaktika. Mwalimu wa binti yangu akaniita darasani, gredi ya 3. Nikaenda na namba zangu: barafu unene wa kilomita 2 hivi, baridi ya digrii 89.2 chini ya sifuri iliyopimwa kituo cha utafiti cha Vostok kulekule mwaka 1983. Watoto kimya. Mwisho mmoja akanyosha mkono: "Ami, hiyo barafu ni ya ukwaju au ya embe?" Darasa likaangua kicheko, nami nikakwama. Wiki ijayo narudi. Nishikie wapi?

Mwalimu Kisauni
Shika hapohapo kwenye ukwaju, ndugu yangu. Gandisha mfuko wa maji, uchane, bonge uliache lielee kwenye beseni la maji ya chumvi, lile la plastiki linaloonyesha. Waone wenyewe sehemu kubwa ilivyo chini. Maji matupu lakini! Ya ukwaju ina sukari, itakuaibisha.

Mzee wa Kilindini
Namba achana nazo. Pengwini wananuka vipi? Watoto wanataka hayo.

Mpishi wa Melini, Likoni
Mzee, harufu ile! Changanya ng'onda wa Kongowea na banda la kuku juani. Mavi yao ya waridi, kwa sababu ya krili, vidude vya baharini mfano wa uduvi, wanaokula. Sisi tunaosha buti kwa dawa kabla ya kushuka, tunaambiwa tukae mita 5 mbali nao, ila pengwini hajaisoma hiyo sheria: mmoja alinijia akalidonoa buti langu, akaenda zake.

Mpishi wa Melini, Likoni
Nimetoka darasani leo. Nilibeba mabonge mawili kutoka friza ya jirani, moja likaishia kwenye foleni ya feri. La pili likaelea vizuri. Yule wa ukwaju akaomba kulamba, nikamruhusu. "Haina ladha!" Nikamwambia hata milima ya barafu ya kule haina chumvi japo inaelea baharini, maana ni theluji ya nchi kavu iliyoshindiliana miaka mingi. Akanitazama.

"Sasa ami, ukaifuata mbali kote huko ya nini?"